Pampu Mpya, Gari la Wawili

Jumanne, 3 Machi

Nimenunua daftari hili leo hapa Riruta kwa sababu nikizidi kukaa na haya mambo kichwani nitapasuka. Naandika kwa Kiswahili makusudi. Kaka yangu Jeremy hufungua kila kitu changu, lakini Kiswahili kikizidi mistari miwili huchoka.

Jambo lenyewe ni gari. Miaka miwili iliyopita, Baba alipokuwa anaenda Doha kuendesha kreni, alisimama nasi kando ya Subaru yake, mabegi yakiwa chini, akasema, "Hii gari ni yenu wawili. Jeremy ataendesha, Shiru ataiangalia." Nilikuwa na miaka kumi na tano. Nilidhani kuangalia ni kazi ya kweli, kwa hiyo nimeifanya. Najua kila bomba la gari lile.

Leo wakati wa chai Jeremy ametangaza kwamba ataongeza nguvu ya turbo na kuingia mbio za tarehe 16 Mei, kule kwenye uwanja wa ndege wa zamani. Hakuniuliza. Ametangaza tu, kama mtu wa redio.

"Baba yako anajua?" Mama akauliza.

"Atajua nikishinda." Kisha akanigeukia. "Ama namna gani, Shiru?"

Nikasema, "Sawa."

Sawa! Nimemaliza Form Four, nina lugha mbili za shule, insha zangu zilikuwa zinasomwa mbele ya darasa (na mwalimu, si mimi), halafu mdomo wangu unaleta neno ambalo sikulitaka hata kidogo.

Jumamosi, 7 Machi

Nieleze mara moja hapa ili hasira yangu ieleweke. Turbo husukuma hewa ndani ya injini. Ukiongeza hewa ni lazima uongeze petroli. Petroli inaletwa na pampu iliyo ndani ya tanki, na pampu ya gari letu ni nzee kuliko mimi. Ikishindwa kuleta petroli ya kutosha, moto wa ndani unakuwa mkali kupita kiasi, pistoni inayeyuka, na injini imekufa. Hatuna injini nyingine. Hiyo ndiyo ya Baba, na Baba anakuja likizo mwezi wa sita.

Nilimwambia Jeremy haya yote tukiosha gari, polepole, nikiliangalia gurudumu. Alinisikiliza vizuri. Saa moja baadaye nikamsikia akizungumza na fundi kwa simu: "Kitonga, nimefikiria sana. Tukiacha hiyo pampu ya zamani tutaua injini."

Nimefikiria sana!

Jumamosi, 14 Machi

Kirinyaga Road, kununua pampu. Muuzaji alikuwa akimwonyesha Jeremy peke yake, mimi nikiwa nimesimama pale kama mwavuli. Alileta maboksi mawili, tuchague. Nikayageuza. Nambari iliyochapwa kwenye pampu ya kwanza ndiyo hiyo hiyo kwenye ya pili, tarakimu kwa tarakimu. Pampu mbili za kweli haziwezi kuwa na nambari moja, kama vile watu wawili hawawezi kuwa na kitambulisho kimoja.

Nilimvuta Jeremy mkono, nikamnong'oneza.

"Kwani huyu madam ni polisi?" muuzaji akasema, akiwa tayari anayarudisha maboksi chini ya meza.

Tulipata ya kweli duka la nne. Jioni Jeremy amemsimulia Mama jinsi alivyomnasa tapeli. Amesimulia vizuri, na mikono. Katika hadithi yake mimi nilikuwa nimebaki kwenye gari.

Jumatano, 18 Machi

Mvua. Nguo hazikauki.

Jumamosi, 28 Machi

Namchukia Kitonga.

Gereji yake iko Kinoo, hatua chache kutoka Waiyaki Way, mabati matatu na matope mekundu mpaka kwenye magoti. Ni mtu wa miaka hamsini hivi, mikono mikubwa, sauti ya mwimbaji wa kwaya. Kazi anaijua, siwezi kusema uongo. Aling'oa kiti cha nyuma, akafungua kifuniko cha tanki, akatoa pampu ya zamani bila kumwaga tone.

Lakini kabla ya kuifunga ile mpya akaita gereji nzima. Huo ndio utaratibu wao: kila pampu inayoingia pale huhukumiwa kwa dumu. Unaiunganisha moja kwa moja na betri iliyo chini, unatia mpira kwenye dumu la njano, mnasimama mnatazama. Petroli ikatoka kama bomba la zimamoto. Mafundi wa jirani waliruka uzio wa mabati kuja kuona.

"Ona hiyo kitu!" Kitonga akaimba. "Boss, hii si pampu, hii ni ng'ombe ya grade, maziwa ndoo nzima!"

Wote wakacheka. Jeremy alikuwa anarekodi na simu.

Mimi nikasema, "Fundi, hapo haisukumi dhidi ya presha yoyote."

"Ati?"

Nikarudia.

"Sema kwa nguvu, madam, hii mvua inapiga mabati."

"Hapo haina presha! Na umeme inapata wa betri moja kwa moja. Ndani ya gari itategemea ule waya mwembamba wa zamani."

Kitonga akamwangalia Jeremy. Jeremy akasema, "Wachana naye, huyo ni wa YouTube." Ndipo Kitonga akacheka, kicheko kirefu, akaniambia, "Madam, pampu haijui kusoma."

Nilienda kukaa garini. Mlango niliufunga kwa kishindo.

Jumamosi, 4 Aprili

Mita ya umeme niliyopewa kama zawadi ya sayansi shuleni bado inafanya kazi. Leo Jeremy akiwa kwa kinyozi niliinua kiti cha nyuma nikapima, injini ikinguruma. Kwenye betri: 13.9. Kwenye pampu: 10.7.

Volti tatu zinapotelea njiani. Pampu kubwa inakula umeme mwingi, na ule waya haukutengenezewa mlo kama huo. Pampu yenye njaa inazunguka polepole. Ni ng'ombe wa gredi, ndiyo, lakini amefungwa kamba shingoni. Dawa yake ni waya mnene kutoka kwa betri mpaka nyuma, na rilei ya kuuwasha na kuuzima.

Nikamwonyesha Jeremy nambari. Nilikuwa nimeziandika kwenye karatasi ili nisihitaji kuongea sana.

"Tutaona," akasema, akaikunja karatasi akaitia mfukoni. Baadaye nimeiona kwenye takataka, chingamu imefungwa ndani yake.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Baba amepiga simu. Ameuliza gari. Nimesema iko sawa. Sina haja ya kuandika zaidi.

Jumanne, 14 Aprili

Mvua siku ya sita. Kuta za chumba changu zinatoa jasho. Jeremy hasemi nami ila "Ufunguo uko wapi?" na "Chumvi."

Jumamosi, 18 Aprili

Turbo imekwisha ongezwa nguvu, na Jeremy amenipeleka barabara ya Southern Bypass "nione mwenyewe." Nimeona.

Gia ya tatu, turbo ikajaza, mgongo ukagota kwenye kiti. Nakiri ilikuwa tamu. Kisha juu kabisa gari likasita, kama mtu aliyekosa ngazi, na nikasikia kitu ndani ya injini, ta-ta-ta-ta, kokoto ndani ya kopo. Hiyo ndiyo sauti ya injini inayoungua kwa kukosa petroli. Kila mtu anayejua turbo anaijua sauti hiyo na anaiogopa.

"Umesikia?" nikasema.

Akaongeza redio.

Naapa aliongeza redio! Alinyoosha kidole chake kimoja, akazungusha kile kitufe mpaka sauti ya mtangazaji ikajaa gari lote, na akakanyaga tena. Ta-ta-ta. Nilikaza macho kwenye kisanduku cha glavu kilicho mbele yangu. Ndani mna miwani ya Baba ya jua, ile iliyobaki na kioo kimoja. Nilitaka kupiga kelele, nikawa nahesabu nguzo za taa.

Jumatano, 22 Aprili

Leo nimefanya kitu ambacho sijawahi kufanya. Nimeenda Kinoo peke yangu kumgombeza mtu mzima.

Nilikuwa nimefanya mazoezi bafuni. Sentensi nne. Nilipofika, Kitonga alikuwa amekaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, anakula githeri. Sentensi zote nne zikatoroka. Nikabaki nimesimama kwenye matope na mwavuli.

"Karibu, madam wa YouTube. Gari iko wapi?"

"Inagonga," nikasema. "Ukipanda juu inagonga. Umeua injini ya babangu na dumu lako."

Akaweka bakuli chini. Nilingoja kicheko. Hakucheka.

"Inagonga kwa gia gani?"

"Ya tatu. Na umeme kwa pampu ni kumi nukta saba."

"Umepima mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Akajifuta mikono muda mrefu kuliko uchafu wenyewe. Kisha akaniambia kitu ambacho mpaka sasa sijui nikiweke wapi.

"Hiyo waya nilimwambia kakako kabla hata hamjaenda kununua pampu. Nikamwambia, hii kazi ni pampu na waya, ukifanya moja umefanya bure. Akasema waya itang'oa kapeti yote, gari italala hapa siku mbili, na wikendi alikuwa ameahidi marafiki wake waje wapige picha. Akasema niache."

"Sasa mbona ulinicheka?"

"Kwa sababu mwenye gari alikuwa amesimama hapo. Mimi siwezi kumwaibisha mwenye gari mbele ya watu. Mwenye gari akisema nyeusi ni nyeupe, mimi nasema ni nyeupe, halafu akirudi peke yake ndiyo namwambia ukweli. Hiyo ndiyo kazi yetu. La sivyo, hakuna mtu atarudi hapa."

"Hata mimi ni mwenye gari."

"Ati?"

"Babangu alituachia wawili!"

Kitonga akaniangalia vizuri kwa mara ya kwanza, kama anayetafuta nambari ya chesisi. "Yeye aliniambia gari ni yake. Wewe alisema unakuja kumshikia tochi."

Kumshikia tochi.

Kwa karibu wiki nne nimemchukia mtu asiyefaa. Sijamsamehe Kitonga, hata hivyo. Alijua ukweli akacheka. Mimi nilijua ukweli nikasema sawa. Nani ana afadhali? Lakini Jeremy alijua. Ile karatasi yangu aliikunja hali anajua. Redio aliiongeza hali anajua.

Kitonga alinipa waya mnene mwekundu umekunjwa kama nyoka, rilei, na fyuzi ndani ya kikasha chake. Alinichorea kwenye kipande cha boksi. "Fyuzi ikae karibu na betri, karibu kabisa. Waya ikikwaruzwa popote, hiyo ndiyo itakufa mahali pako. Unaelewa?" Nikasema naelewa.

Jumanne, 28 Aprili

Jeremy huliacha gari nyumbani siku za kazi, anashuka town na basi. Leo nimeng'oa kapeti ya upande wa kushoto. Watoto wa majirani hapa kwenye ploti wamekaa kwenye ndoo kunitazama. Mmoja akauliza, "Shiru, umeiba?"

Jumatano, 29 Aprili

Umekamilika. Waya umetoka kwa betri, umepita kwenye tundu la ukuta wa injini, chini ya kapeti, chini ya kiti cha mbele, mpaka nyuma. Volti kwenye pampu: 13.6! Nimepima mara tano.

Saa kumi nikiwa bado chini ya dashibodi, simu ikalia: Jeremy amepachika mtandaoni ile video ya dumu. "Kazi ya mikono yangu." Watu mia tatu wameipenda. Mikono yake! Nilikaza kila skrubu kama ninayemkaza yeye. Kisha mvua ikaanza, na saa zake za kurudi zilikuwa zimekaribia, nikafunga kapeti haraka. Fyuzi bado iko kwenye kikasha chake mfukoni mwangu. Nimeunganisha waya moja kwa moja kwa leo. Nitaifunga kesho.

Alhamisi, 30 Aprili

Mvua kutwa.

Jumamosi, 2 Mei

Jeremy amerudi kutoka Bypass anaruka. Gari halisiti, kokoto hazisikiki tena. "Nilikwambia itajirekebisha!" akamwambia Mama. "Ilikuwa inazoea tu."

Inazoea! Pampu, eti, inazoea kama mtoto wa bweni!

Ningesema pale pale. Badala yake nilifurahia kunyamaza, na hili naandika kwa aibu: nililiweka moyoni kama peremende. Nangoja ashinde tarehe 16, mbele ya watu wote, ndipo nimwonyeshe waya. Nimekaa jioni nzima nikitunga hotuba hiyo. Kuna jambo dogo limebaki mfukoni, lakini hotuba ni tamu mno.

Jumamosi, 9 Mei

Naandika haraka, mwandiko huu si wangu.

Asubuhi tulikuwa tunampeleka Mama kazini, ana saluni Kenyatta Market na Jumamosi wateja hupanga foleni. Jeremy anaendesha, Mama mbele, mimi nyuma na mifuko ya nywele. Mvua nyingi. Tulipokaribia Mbagathi Way Mama akasema magoti yanamuuma, akavuta ile chuma iliyo chini ya kiti, akasukuma kiti nyuma kwa nguvu, na uzito wake wote.

Nikasikia mkwaruzo mdogo. Tss.

Harufu ilinifikia mimi kwanza. Plastiki. Kisha moshi ukatoka chini ya kapeti, mweupe, mwembamba, karibu na kiatu cha Mama. Nilijua papo hapo. Reli ya kiti imekata waya wangu. Waya unagusa chuma cha gari, betri nzima inamwagika ndani yake, na hakuna fyuzi ya kufa mahali pake. Waya huo mwisho wake uko kwenye tanki la petroli.

Nilijua, na mdomo wangu haukufunguka. Mama yangu alikuwa amekaa juu ya moto niliouwasha mimi na nilishindwa kusema neno moja!

"Nini hiyo inaungua?" Mama akasema.

Jeremy alipanda ukingo wa barabara, akazima gari, akapiga kelele, "Tokeni! Tokeni!" Alifungua bonneti mvua ikimpiga. Hakutafuta spana. Aliushika ule waya wenyewe pale kwenye betri na kuung'oa kwa mkono mtupu. Nilimsikia akilia kama mbwa.

Moshi ukaisha. Hakuna kilicholipuka. Tulisimama kwenye nyasi watatu, Mama amekumbatia mifuko ya nywele, magari yakitumwagia maji. Kiganja cha Jeremy kilikuwa na mstari mwekundu na mweupe kutoka kidole cha kwanza mpaka kwenye kifundo.

Mama akautazama waya uliong'olewa. Alikuwa na sauti ya chini, ile mbaya. "Nani alifunga hiyo waya?"

Jeremy aliuangalia waya, mwekundu, mnene, ambao hajawahi kuuona maishani mwake. Akaniangalia mimi. Niliona akielewa kila kitu: kwa nini gari lilikuwa limepona, na nani.

"Ni mimi, Mum," akasema.

Na mimi nikanyamaza.

Jumapili, 10 Mei

Mama amemwambia Baba yote. Baba amemfokea Jeremy dakika ishirini, simu ikiwa mezani, sote tukisikia. Jeremy ameinamisha kichwa, mkono kwenye bandeji. Mara moja akaniangalia kama kusema, umeona? Nimekubebea.

Ningepaswa kushukuru. Nimeenda nyuma ya nyumba nikapiga teke tanki la maji mpaka kidole kikavimba. Amechukua wazo langu la pampu. Amechukua zile nambari mbili zinazofanana. Waya wangu ulipofanya kazi, akasema gari lilizoea tu. Sasa amechukua na kosa langu, na kila mtu nyumbani anamwona mwanamume. Mimi nimebaki na nini? Sina hata kosa.

Na bado, ule mkono. Sijui nifanye nini na ule mkono.

Jumatatu, 11 Mei

Gari lilivutwa mpaka Kinoo. Jeremy aliomba ruhusa kazini, tukaenda pamoja. Kulikuwa na wateja wawili na mafundi wa jirani, wamekwisha zunguka. Kapeti ilikuwa imeinuliwa, njia nzima ya waya ni mstari mweusi.

"Boss, hii ni kazi ya nani?" Kitonga akauliza, ingawa waya ulitoka mkononi mwake mwenyewe. Hakuniangalia.

"Yangu," Jeremy akasema. "Nilikuwa na haraka."

Kitonga akatikisa kichwa. "Sawa, boss."

Jambo lingeishia hapo. Niliona kabisa jinsi lingeishia: Jeremy na bandeji yake, wanaume wakimpa pole, mimi kando na mwavuli.

"Si yake," nikasema.

"Shiru, wacha," Jeremy akasema.

"Si yake! Ni mimi nilifunga. Nilipitisha chini ya kiti bila kukinga, na fyuzi sikuweka." Nikaitoa kwenye mfuko wa jaketi, ikiwa bado ndani ya kikasha chake, nikaiweka juu ya paa la gari. "Alinipa akaniambia ikae karibu na betri. Nilikuwa na hasira, sikuiweka. Karibu niue mama yangu."

Sauti yangu ilikuwa mbaya, ilipasuka katikati kama ya jogoo mdogo. Mteja mmoja akasema, "Wee!" Hakuna aliyecheka.

Jeremy alinivuta kando. "Mimi nakukinga na wewe unajianika mbele ya watu? Unajua nilichoma mkono?"

"Najua. Pole. Naona kila nikifumba macho." Nilikuwa nalia sasa, lakini kwa sauti. "Lakini ulijua waya ilihitajika tangu mwezi wa tatu. Ulijua, ukaniita wa tochi."

Jeremy alimtazama Kitonga, na Kitonga akawa na kazi ya ghafla ya kupangusa spana. Jeremy akakaa kwenye kile kiti kilichong'olewa, mkono mmoja juu ya mwingine, na kwa muda hakuwa mtu wa redio hata kidogo.

"Haya," akasema mwishowe, akimwambia Kitonga, si mimi. "Waya mpya, fyuzi, kila kitu. Itakuwa tayari Ijumaa? Jumamosi ni mbio."

Kitonga akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Haiendi Jumamosi," nikasema. "Kapeti yote itoke, tukague mpaka kwa tanki, tena injini ifunguliwe tuangalie pistoni. Iligonga kabla sijafunga waya."

"Nani amesema?"

"Mwenye gari."

Jeremy akamgeukia Kitonga amsaidie. Kitonga aliniangalia mimi, kisha akamwangalia yeye, kisha akakunja vile vidole alivyokuwa akihesabia, akainama, akaingia garini na spana, na kuanza kufungua kiti cha mbele, kapeti yote itoke.